Msafara wa baiskeli Ganda–Jilore–Gede wakati wa masika: nitayarishe nini?

ShellaMLD:

Assalaam aleikum wadau. Nimejiandikisha kwa msafara wa baiskeli za milimani mwezi wa Mei hapa Malindi. Si mashindano, lakini kuna namba kifuani, kuna wasimamizi wa njia, kuna gari la nyuma, na kila kituo kina saa ya mwisho ya kupita. Njia ni hii: Malindi mjini, Ganda, Jilore (kilomita 20), kuingia msitu wa Arabuko-Sokoke na kutokea Gede (kilomita 18), kisha lami hadi mjini (kilomita 17). Kuondoka ni saa 12:30 asubuhi. Mwisho wa kupita Jilore ni saa 2:30, mwisho wa kutoka Gede ni saa 4:30. Waandaaji wamesema mvua haiahirishi safari, isipokuwa radi ipige au njia ifungwe.

Baiskeli ni ya alumini, magurudumu ya inchi 29, tairi za upana wa inchi 2.25 zisizo na tyubu, breki za diski za haidroliki, gia 11 nyuma na moja mbele. Uzito wangu kilo 74. Njia hiyo naijua kiangazi tu. Nataka kujua upepo wa tairi niweke kiasi gani, cheni nipake nini, nivae nini, na pale ardhi ikilowa ni wapi pa kuogopa. Msinipe "jiandae vizuri tu, utafika". Nataka vipimo.

FundiKaseti:

Wa aleikum salaam. Naanza na breki, maana masika breki hutoa watu njiani kuliko tairi. Mchanga wa huku ni mgumu. Ukichanganyika na maji unakaa baina ya pedi na diski na kusaga kama msasa, hata pale ambapo hujabonyeza. Pedi za resini, ambazo ndizo huja na baiskeli nyingi, huliwa upesi mno katika hali hiyo. Za metali hustahimili zaidi, ila zina kelele na hazishiki vizuri mpaka zipate joto kidogo. Kabla hujanunua za metali, isome diski yako: baadhi ya diski za bei nafuu zimechongwa maandishi kwamba ni za pedi za resini pekee, na ukizifungia metali zitaliwa diski zenyewe.

Zitoe pedi nje uzipime, usizichungulie tu kwa juu. Kinachohesabiwa ni ile sehemu inayosaga, bila bamba la chuma. Shimano, watengenezaji wa breki, wanasema ikifika milimita 0.5 itupwe. Kwa safari ya matope ya kilomita 55 usianze na pedi iliyo chini ya milimita 1.5, na beba jozi moja mfukoni pamoja na pini yake. Diski za Shimano mpya huwa na unene wa milimita 1.8, na mwisho wake ni 1.5, kipimo hicho kimechongwa kwenye diski.

Tairi. Kwa uzito wako na 2.25 bila tyubu, kiangazi labda unaenda na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 21 mbele na 23 nyuma. Mvua ikinyesha, shusha 2 kila upande: 19 na 21. Usishuke zaidi ya hapo, kwa sababu Gede kuna mawe ya matumbawe na rimu itayagonga. Tumia kipimo kimoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, kwani saa za pampu za miguu hudanganya sana kwenye upepo mdogo, na mbili tofauti zinaweza kupishana psi 3 au 4. Dawa ya kuziba ndani ya tairi iwe mililita 90 hadi 120 kwa kila gurudumu. Joto letu huikausha haraka. Litikise gurudumu karibu na sikio. Kama husikii maji yakicheza, ongeza. Tairi ikishakuwa na dawa iliyoganda tu, mwiba mmoja wa mgunga unatosha kukulaza njiani.

Kitu ambacho wengi hawakiangalii ni nafasi kati ya tairi na fremu, hasa pale nyuma karibu na pedeli. Ikiwa haipo angalau milimita 6 kila upande, tope la kunata litajaa hapo na gurudumu halitazunguka. Mwenye tairi 2.4 kwenye fremu nyembamba afunge 2.1 nyuma siku hiyo. Ujanja mwingine: pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia sehemu ya chini ya fremu na ndani ya uma wa mbele, tope halitashika kirahisi. Lakini kaa mbali na diski! Tone moja la mafuta kwenye diski na pedi zimekufa.

Cheni. Kwanza ipime kwa kipimo cha cheni. Kwa gia 11, ikirefuka kufikia asilimia 0.5 badilisha, usingoje 0.75. Ioshe, ikauke kabisa, halafu tumia mafuta ya cheni ya hali ya mvua, yale mazito. Tone moja kwa kila kiungo, upande wa ndani wa cheni, zungusha pedeli kinyume kwa dakika moja, iache usiku kucha, asubuhi ifute nje mpaka kitambaa kisichafuke. Mafuta yanahitajika ndani ya viungo. Yale yanayong'aa kwa nje kazi yake ni kukusanya mchanga tu.

Kisha nguzo ya kiti: itoe, ipake grisi, irudishe. Maji mengi huingia kwenye fremu kupitia hapo na kushuka hadi kwenye beringi za pedeli.

Vya kubeba: tyubu moja ya 29, vijiko viwili vya kutolea tairi, pampu ndogo, vinyuzi vya kuzibia tairi na sindano yake, spana za L zenye kikata cheni, kiungo cha cheni kinachofungika kwa mkono (kiwe cha gia 11, cha gia 9 hakitaingia), kishikio cha ziada cha gia ya nyuma kinachoendana na fremu yako hasa, zipu-tai nne, kitambaa, na kichupa cha mililita 15 cha mafuta ya cheni. Kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 5 kwa 8 pia, maana tumbawe likipasua ubavu wa tairi, vinyuzi havisaidii. Na ukilazimika kuingiza tyubu, kwanza papasa ndani ya tairi yote utoe miiba. Tairi yenye dawa huweza kuwa na miiba mitano iliyokwisha kuzibwa bila wewe kujua, na yote itaitoboa tyubu mpya papo hapo.

MtuWaJilore:

Fundi kamaliza baiskeli, mimi nisemee ardhi.

Njia hiyo huwezi kuiita "matope" kwa jumla. Udongo hubadilika mara tatu au nne, na mvua ileile inayoharibu sehemu moja huitengeneza nyingine. Angalia rangi.

Mjini hadi Ganda na kuendelea mpaka Jilore unapita mashamba, minazi, miembe na mikorosho. Barabara ina vifusi vya murami na udongo mwekundu. Mvua ikianza tu, juu panateleza na chini bado pagumu. Hapo ndipo watu huanguka, wala si baada ya mvua ya siku nzima. Kaa kwenye mstari wenye kokoto au nyasi katikati ya alama za magurudumu ya magari. Usiingie kwenye mfereji uliochimbwa na pikipiki, kwa sababu ukishaingia, gurudumu la mbele halitoki bila kukuangusha. Majani ya mkorosho yaliyolowa yanateleza vibaya. Makuti yaliyoanguka ni hatari ya aina nyingine: ncha yake huingia kwenye spoki na kuikunja gia ya nyuma. Lione kuti, lizunguke.

Ukiingia msituni kutoka upande wa Jilore unakuta udongo mwekundu wa vichaka vizito. Huu una mchanga mwingi lakini pia una ufinyanzi wa kutosha kunata ukishalowa sana. Hapa usibadilishe gia hovyo. Chagua gia nyepesi kabla ya tope, kaa kitini, zungusha kwa mwendo mmoja. Ukisikia pedeli imekuwa nzito ghafla au cheni inatoa mlio wa kukwaruza, simama hapohapo. Kinachotokea ni kwamba cheni yenye tope haiachii meno ya gia ya mbele, inapandishwa juu na kukwama kwenye fremu. Au tope limeshika magurudumu madogo ya gia ya nyuma. Ukisukuma kwa nguvu, kishikio kinavunjika na gia inaingia kwenye spoki. Shuka, chukua kijiti, toa tope, mwagia maji kidogo ya kunywa kwenye gia ya nyuma, endelea. Ni nusu dakika tu.

Kisha miti inabadilika, unaingia kwenye mirihi na mchanga unakuwa mweupe. Wengi huiogopa sehemu hii kwa sababu kiangazi ndiyo inayowashusha kwenye baiskeli. Masika ni kinyume. Mchanga uliolowa hushikana, unapita juu yake kama kawaida. Kama una nguvu za kufidia muda, zitumie hapa. Usishushe upepo tena ati kwa sababu ni mchanga.

Mbele zaidi kuelekea Gede mchanga ni wa kijivu, kuna kivuli kizito, mizizi, na ukikaribia kutoka unaanza kukutana na matumbawe. Mizizi iliyolowa ivuke moja kwa moja, gurudumu likiikata kama msalaba, bila breki na bila kukata kona juu yake. Punguza mwendo kabla, achia breki, pita, kisha shika tena. Matumbawe ni vivyo hivyo, ila hayo pia yanakata. Chagua sehemu tambarare ya jiwe badala ya ukingo.

Madimbwi. Katikati ya msitu yapo makubwa, na hujui kuna nini chini. Angalia aliyetangulia kazama hadi wapi. Maji yakifika kitovu cha gurudumu, shuka utembee, kwa sababu yakivuka hapo yanaingia kwenye beringi za magurudumu na za pedeli. Usilizunguke dimbwi kwa kukata njia mpya kwenye majani. Kwanza unapanua njia katika msitu unaolindwa, Huduma ya Misitu na Huduma ya Wanyamapori hawatawapa waandaaji kibali mwaka unaofuata. Pili, kandokando ndiko kuna miba na visiki usivyoviona.

Na tembo wapo, si hadithi. Baiskeli haina sauti na mvua inaficha ile ndogo iliyopo, kwa hiyo unaweza kumkuta tembo kwenye kona akiwa hajakusikia. Ukiona kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa sasa hivi, punguza mwendo na mwende pamoja. Ukimwona mwenyewe, simama, rudi nyuma polepole, mwarifu askari au msimamizi wa njia. Usipige kengele, usipige picha.

Mkwaju_Mtamu:

Haya mafuta ya cheni ya bei ya samaki wa wiki nzima ya nini? Oili ya pikipiki inatosha. Waendesha boda wote wanapaka hiyo na wanashinda kwenye mvua.

FundiKaseti:

@Mkwaju_Mtamu oili mpya ya injini kwa siku moja itakufikisha, sikatai. Ni nzito, kwa hiyo inavuta mchanga, na jioni lazima uioshe yote. Lakini wengi wanaposema oili ya pikipiki wanamaanisha ile nyeusi iliyomwagwa gereji. Hiyo ina vumbi la chuma kutoka kwenye injini. Cheni ya pikipiki ni nene na gia yake ni ya chuma kizito, inavumilia. Cheni ya gia 11 ni nyembamba na kaseti yake (seti ya gia za nyuma) ni ghali kuliko chupa kumi za mafuta. Fanya hesabu mwenyewe.

Grisi kwenye cheni pia hapana. Haifiki ndani ya kiungo.

Bi_Mida:

Kuhusu mavazi, watu hunakili ushauri wa nchi za baridi. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Malindi, lakini joto halishuki kiasi cha kuvaa koti zito. Koti lisilopitisha maji hapa linakulowesha kwa jasho kutoka ndani, na unapoteza maji mwilini bila kujua kwa sababu umelowa tayari. Kubali kulowa. Vaa fulana nyepesi ya kukauka haraka, isiwe ya pamba, na juu yake kizibao chembamba cha kuzuia upepo kifuani. Baridi haikupati ukiendesha. Inakupata Jilore ukisimama kituoni dakika ishirini na upepo wa kusi unakupiga. Beba fulana moja kavu kwenye mfuko wa kuzuia maji. Simu nayo iingie humo.

Michubuko ndiyo itakayokusumbua zaidi. Suruali yenye sifongo iliyolowa na mchanga ndani yake inachuna ngozi kufikia kilomita ya 30. Paka vaselini kwa wingi mapajani na kwenye mishono ya suruali kabla ya kutoka, na usivae chupi ya pamba ndani. Soksi nyembamba za kukauka haraka. Glovu za vidole kamili, kwa sababu mpini uliolowa unateleza na breki inahitaji kidole kimoja kilicho imara.

Dada zangu mnaovaa hijabu: chukueni ile ya michezo ya kitambaa cha kunyooka, inayobana kichwani, bila pini hata moja chini ya helmeti. Ushungi wa pamba ukilowa unakuwa mzito, unashuka machoni, na ncha zake zikining'inia zinaweza kushikwa na matawi. Zirekebisheni kamba za helmeti mkiwa mmeshaivaa hijabu, nyumbani, si pale mwanzo wa msafara. Anayetaka kuvaa suruali pana ajue upande wa kulia utaliwa na cheni. Bana kwa mpira wa kifundoni.

Macho: miwani ya kioo cheupe au cha njano, ya giza iache nyumbani. Chini ya helmeti vaa kofia nyembamba yenye chepeo, inazuia matone yasigonge miwani. Kidigadi kifupi cha mbele kinachofungwa kwa zipu-tai kwenye uma nacho kinastahili nafasi yake. Madigadi marefu ya baiskeli za mjini yatoeni, yanajaza tope.

Chakula. Mahamri na mbaazi kuleni saa mbili kabla ya kutoka, njiani yanakuwa uji mfukoni. Tende, kashata na ndizi hustahimili maji. Kunywa mililita 500 hadi 750 kwa saa hata kama mvua inakumwagikia. Chupa moja iwe na chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, na limau kidogo kwa ladha. Mdomo wa chupa uwe na kifuniko, kwa sababu tope linaloruka kutoka tairi ya mbele lina kinyesi cha ng'ombe na mbuzi wa njia nzima.

ShellaMLD:

Shukran sana, hapa nimepata zaidi ya nilichotafuta. Mambo matatu yamebaki. Zile saa za mwisho kwenye vituo, kwa mvua, zinafikika? Pili, radi ikipiga tukiwa porini, tunafanyaje? Tatu, @FundiKaseti, nimepima pedi: ya nyuma 0.9, ya mbele 1.6. Nitanunua za metali, diski zangu zinaruhusu. Nikizifunga Jumamosi jioni kwa safari ya Jumapili, ni sawa?

KipengaCha12:

Nijibu la saa na la radi.

Kilomita 20 hadi Jilore kwa saa 2 ni wastani wa kilomita 10 kwa saa, pamoja na kusimama. Kwenye mvua anayeendesha kilomita 16 kwa saa kiangazi hushuka hadi 12 au 13, kwa hiyo una nafasi, ila ndogo. Pancha moja ya dakika 10 inakuachia dakika 110, yaani unatakiwa kwenda karibu kilomita 11 kwa saa. Pancha mbili, uko ukingoni. Kipande cha msitu ni kilomita 18 kwa saa 2, wastani wa 9, lakini hiyo ni ikiwa umefika Jilore dakika ya mwisho. Ukifika saa 2:10, unaingia msituni na dakika 20 za akiba. Kwa hiyo usipoteze muda kituoni. Jaza chupa, kula ukiwa umesimama, chunguza pedi, ondoka. Muda mwingi hupotea kwenye vituo, si kwenye matope.

Gari la nyuma likikufikia, usibishane na wasimamizi. Saa ya mwisho ya Gede imewekwa kwa sababu askari wa msitu na gari la huduma hawawezi kukaa mle siku nzima. Na ukiamua kuacha mwenyewe, lazima umwambie msimamizi akuandike namba. Mtu aliyepanda boda akaenda zake bila kusema, watu wanamtafuta msituni hadi magharibi.

Andika namba ya waandaaji kwenye karatasi, si kwenye simu tu, kwani mtandao ndani ya msitu hukatika na skrini iliyolowa haikubali kidole. Namba za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199.

Radi. Ukiona mwako, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Sauti huchukua kama sekunde 3 kwa kilomita 1. Ikiwa ni sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukufikia, safari inasimama. Mahali salama ni ndani ya gari au jengo la kweli. Kibanda cha makuti kilicho wazi hakihesabiki. Sehemu mbaya kabisa ya njia hii ni mashamba ya Ganda, maana minazi na miembe imesimama peke yake na wewe uko wazi. Usijikinge chini ya mnazi. Kama hakuna gari, shuka, laza baiskeli mbali kidogo, tafuta bonde au vichaka vya urefu sawa, chuchumaa miguu ikiwa pamoja, na msikae mmekumbatiana. Achaneni mita kadhaa. Anzeni tena safari zikishapita dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Dakika hizo waandaaji makini huziongeza kwenye saa za vituo. Ulizeni hilo kwenye maelezo ya asubuhi, mbele ya watu wote.

Kwenye lami kutoka Gede washa taa nyekundu ya nyuma, ya kumetameta, hata kama ni mchana. Matatu kwenye mvua hazikuoni. Endesheni mstari mmoja, mwachiane urefu wa baiskeli tatu au nne, kwa sababu diski zilizolowa huchelewa kushika na aliye nyuma anakula maji machafu ya aliye mbele. Mkiona kona au mteremko, shikeni breki kidogo mapema kuzikausha diski kabla hamjazihitaji. Mlio mkali wa maji ni kawaida. Mlio wa chuma kwa chuma maana yake pedi imeisha, simama ubadilishe kabla pistoni haijatoka nje ya kalipa (kile kibano kinachoshika pedi).

FundiKaseti:

@ShellaMLD ya nyuma ya 0.9 itoe leo. Ya mbele ya 1.6 iweke kuwa ya akiba.

Jumamosi jioni ni kuchelewa ikiwa huzifanyii kazi usiku huohuo. Pedi mpya haishiki mpaka iache tabaka jembamba la pedi kwenye diski, na tabaka hilo hupatikana kwa joto, pakavu. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye maji na mchanga, inasagika kabla haijawahi kushika. Kwanza isafishe diski kwa spiriti na kitambaa safi, usiguse kwa vidole. Rudisha pistoni ndani taratibu kwa kijiko cha plastiki cha tairi, pedi kuukuu zikiwa bado ndani zizilinde. Funga mpya. Halafu tafuta lami kavu: mwendo wa kilomita 15 kwa saa, shika breki ya mbele peke yake hadi karibu kusimama, achia kabla gurudumu halijafunga, mara 15 hadi 20. Kisha kilomita 25 kwa saa, mara 10. Rudia vilevile kwa nyuma. Utasikia nguvu ikiongezeka mkononi. Kama haiongezeki, diski ina mafuta.

Na kwa sababu utauliza baadaye: kuosha. Usipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari. Maji ya shinikizo yanapenya sili za beringi na kuingiza mchanga uliokuwa nje. Ndoo mbili, sabuni ya vyombo, brashi laini kwa fremu na ngumu kwa kaseti. Visima vingi vya hapa vina maji ya chumvi, tumia hayo kutoa tope ukitaka, lakini suuza ya mwisho iwe kwa maji matamu ya bomba au ya mvua uliyokinga. Alumini na skrubu za chuma zikiachwa na chumvi zinashikana, na nguzo ya kiti ndiyo ya kwanza kukwama. Itoe, pindua baiskeli kichwa chini, maji yatoke kwenye fremu, iache hivyo hadi asubuhi. Cheni ikauke juani, ipake mafuta siku hiyohiyo. Ukilala nayo imelowa, asubuhi imeota kutu. Vua pedi, zioshe kwa maji safi tu, uzipime tena. Kama ya nyuma imeshuka kutoka mpya hadi chini ya milimita 1, mchanga uliganda kwenye kalipa, na pistoni inahitaji kusafishwa kabla ya kuingiza nyingine.